Mtoto Anapolia Jioni Nzima: Sababu za Msokoto wa Tumbo na Namna ya Kumtunza

(Hotuba iliyotolewa na mkunga, mjumbe wa Kamati Ndogo ya Afya, mbele ya wakazi wa Kambi ya Dzaleka, Wilaya ya Dowa, Malawi. Imechapishwa kwa ombi la Kamati ya Jumuiya katika toleo hili la kumbukumbu.)



Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994. Watoto waliozaliwa hapa mwaka ule leo ni watu wazima, na wengi wao wamekwisha kuleta watoto wao wenyewe kwenye mizani ya kliniki. Katika toleo la kumbukumbu watu husimulia safari, shule, visima na waliotutangulia mbele ya haki. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo dogo ambalo haliandikwi katika ripoti, lakini kila nyumba hapa inalijua. Nalo ni kilio cha mtoto mchanga kinachoanza jua linapozama na kuendelea mpaka usiku.

Nyumba zetu zimesongamana, na kuta ni za matofali ya udongo. Mtoto wa mmoja akilia, nyumba 5 hazilali. Asubuhi mama anapokwenda bombani anakutana na maneno: "Maziwa yako ni mabaya." "Umekula nini?" "Mpeleke kwa fulani amtoe meno." Nimechagua kulizungumza jambo hili kwa sababu 3. Kwanza, kilio hiki kinawavunja moyo akina mama, hasa walio peke yao. Pili, kwa jina la kutibu kilio hiki watoto wanaumizwa, na wengine wanakufa. Tatu, pengine kilio si msokoto wa tumbo bali ni ugonjwa wa kweli, na tukikosea tunachelewa.

1. JINA LAKE

Jina lenyewe linatuchanganya. Sisi tuliotoka Kivu tunasema tu "tumbo inamuluma". Wa Tanzania wanasema mchango au chango. Vitabu vya afya huandika msokoto wa tumbo. Lakini neno chango lina maana nyingine pia, maana kwa watu wengi chango ni minyoo ya tumboni. Mama akisema "mtoto ana chango" na mkalimani akatafsiri "ana minyoo", mtoto wa wiki 5 atatafutiwa dawa ya minyoo. Dawa hiyo haipewi mtoto aliye chini ya mwaka 1, na mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake wala hana minyoo hiyo. Kwa hiyo ukifika kituoni usitaje jina la ugonjwa. Eleza unachokiona: anaanza kulia saa ngapi, analia kwa muda gani, ananyonya au hanyonyi, anatapika au hatapiki, choo chake kikoje. Hayo hayapotei katika tafsiri.

2. MSOKOTO WA TUMBO NI NINI?

Ni kilio kirefu cha mtoto mchanga ambaye kwa mambo mengine yote ni mzima. Ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, hana homa. Lakini ikifika saa, mara nyingi jioni, analia kwa sauti kali, uso unakuwa mwekundu au mweusi, anakunja ngumi, anavuta magoti tumboni, tumbo linakuwa gumu, anajamba. Ukimnyonyesha anashika ziwa kidogo kisha analiacha. Baada ya saa 2 au 3 ananyamaza kama aliyefungwa mdomo, na kesho yake anacheka.

Mwaka 1954 madaktari wa Marekani wakiongozwa na Morris Wessel waliweka kipimo rahisi kukumbukwa, yaani kipimo cha 3: kilio cha zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Siku hizi wataalamu hawahesabu saa kwa ukali hivyo. Wanaangalia kama kilio kinarudi mara kwa mara bila sababu inayoonekana, na kama mtoto yuko chini ya miezi 5, hana homa, wala hadhoofu.

La muhimu zaidi ni kalenda yake. Kilio huanza mtoto akiwa na wiki 2 hivi. Kinapanda na kufika kileleni akiwa na wiki 6. Kisha kinashuka, na kwa watoto walio wengi kinakwisha kati ya miezi 3 na 4. Daktari Brazelton wa Marekani aliwafuatilia watoto 80 wazima mwaka 1962, akaona kwamba katika wiki ya 6 mtoto wa kawaida alilia kwa jumla kiasi cha saa 2 na dakika 45 kwa siku. Hao hawakuwa wagonjwa! Basi mtoto mwenye msokoto ni yule aliyeko juu zaidi kwenye kilima ambacho watoto wote hukipanda. Karibu mtoto 1 kati ya 5 hufika huko katika wiki 6 za kwanza, awe wa kike au wa kiume, wa kunyonya au wa chupa.

Wengine watasema, haya ni mambo ya Wazungu wanaowalaza watoto peke yao. Hapana. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa watu wa jangwa la Kalahari, Botswana, ambako mtoto hubebwa karibu kutwa nzima na kunyonya mara nyingi kila saa. Hata kwao kilio kilipanda na kushuka kwa umri uleule. Tofauti ni kwamba kila kilio kilikuwa kifupi. Hapo tunajifunza mambo mawili: kupanda kwa kilio ni sehemu ya ukuaji wa mwanadamu, na kubeba mtoto kunasaidia kukifupisha.

3. SABABU ZAKE

Ndugu zangu, hakuna sababu moja iliyothibitishwa kwamba ndiyo inayoleta msokoto kwa watoto wote. Yako mambo yanayochangia.

La kwanza ni utumbo mchanga. Mtoto alipokuwa tumboni alilishwa kwa kitovu. Sasa utumbo unajifunza kazi, na vijidudu vyema vinavyosaidia kuyeyusha chakula ndiyo kwanza vinaingia na kupanga makao. Kwa watoto wenye msokoto, vijidudu hivyo vimeonekana kuwa tofauti na vya wenzao.

La pili ni hewa. Mtoto anayelia sana anameza hewa, na anayeshika chuchu vibaya anameza hewa. Hapo mara nyingi tunageuza mambo, tunasema gesi ndiyo imemliza, kumbe kulia ndiko kumemjaza gesi.

La tatu ni ubongo mchanga. Mtoto wa mwezi mmoja hajui kujituliza mwenyewe. Kutwa nzima amesikia redio, kelele, ameshikwa na mikono kumi. Jioni anakuwa kama chungu kilichojaa, tone moja tu linamwaga.

La nne ni moshi wa tumbaku. Watoto wa akina mama wanaovuta sigara hulia zaidi. Na moshi wa jikoni, hata kama hauleti msokoto, unaumiza kifua na macho.

La tano, kwa watoto wachache, ni kutopatana na maziwa ya ng'ombe. Hao aghalabu wana dalili nyingine, kama damu kwenye choo, ukurutu wa ngozi au kutapika sana. Mtoto kama huyo aonwe na daktari.

4. MAMBO AMBAYO SI SABABU

Maharage. Mama aliyejifungua anakatazwa maharage, eti gesi itaingia katika maziwa. Gesi ya maharage hutokea ndani ya utumbo wa mama na hutoka huko huko. Haipiti kwenye damu ikaenda kujaza maziwa. Hapa kambini chakula chetu ni unga, maharage, mafuta kidogo na mboga ikipatikana. Mama akiondolewa maharage anabaki na nini? Anabaki na ugali mtupu, huku anatakiwa atengeneze maziwa usiku na mchana. Akina mama wakwe, nawaomba kwa heshima: mwacheni mkwe wenu ale maharage yake.

Maziwa mabaya. Watu hukamua tone kwenye ukucha, wakiona ni jepesi kama maji wanasema maziwa hayafai. Maziwa ya mwanzo wa kunyonya ni mepesi kwa sababu yanakata kiu. Yale ya mwishoni ni mazito kwa sababu yanashibisha. Yote ni mazuri. Ukitaka kujua kama maziwa yanatosha, angalia mizani na pasipoti ya afya ya mtoto, na hesabu nepi. Mtoto aliyevuka wiki 1 na anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku anapata maziwa.

Jicho la jirani. Tumetoka makabila mengi na nchi kadhaa, na vita imetufundisha kushuku. Nimeona majirani walioacha kusalimiana kwa sababu mmoja alimsifu mtoto wa mwenzake mchana na usiku mtoto akalia. Mtoto yule alikuwa na wiki 6. Angelia hata kama jirani angepita kimya.

Kosa la mama. Kusema mama alitoka nje ya ndoa ndiyo maana mtoto analia ni kumwongezea mzigo mtu ambaye hajalala kwa wiki 4. Mwanamke mmoja wa hapa alifukuzwa na mumewe kwa neno hilo. Mtoto alipofika miezi 4 kilio kilikwisha chenyewe, lakini nyumba ilikuwa imekwisha kuvunjika.

5. TIBA ZINAZOUMIZA NA KUUA

Hapa nawaomba msikilize sana.

Kung'oa meno. Wengine wanayaita meno ya nailoni, wengine meno ya plastiki, wengine ibyinyo. Desturi hii imeenea katika nchi nyingi za eneo letu, na mtaalamu Pindborg aliandika juu yake huko Uganda mwaka 1969. Mtoto akilia, akipata homa au kuhara, mtu anabonyeza ufizi, anaona uvimbe mweupe, anaukwangua au kuung'oa kwa sindano, spoku ya baiskeli au wembe, kisha anaonyesha kitu cheupe laini na kusema, "Huyu hapa mdudu." Ndugu zangu, kile si mdudu. Ni jino changa la mtoto ambalo halijakomaa, ndiyo maana ni laini. Kila mtoto analo. Ukimfungua mtoto asiyelia kabisa utalikuta mahali palepale.

Madhara yake ni damu nyingi kwa mwili usio na damu ya akiba, vijidudu kuingia kwenye damu, pepopunda, na hatari ya magonjwa yanayosafiri kwa chombo kilichotumika kwa watoto wengi. Anayepona anaweza kukosa meno au kuota meno yaliyopinda maisha yake yote. Na yule mwenye kuhara, akiwa na kidonda mdomoni, hawezi kunyonya, maji yanamwishia, anakufa. Kisha watu husema, "Meno yalikuwa mengi, tulichelewa."

Kwa nini wengine huonekana kupona? Kwa sababu ya ile kalenda. Mtoto anapelekwa kilio kikiwa kileleni, yaani wiki ya 6 au ya 8. Baada ya hapo kilio kinashuka kwa vyovyote vile. Fundi anapata sifa kwa kazi iliyofanywa na umri.

Kukata kilimi na kuchanja tumbo. Hatari ni hizohizo za damu, vijidudu na pepopunda.

Kuingiza dawa ya mizizi kwa mpira kwenye njia ya haja kubwa. Utumbo wa mtoto mchanga ni mwembamba kama karatasi. Unaweza kutoboka, na dawa kali huingia kwenye damu haraka.

Maji, chai, uji na dawa za mitishamba za kunywa. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Vijiko 5 vya maji vinachukua nafasi ya maziwa, na hapa petu, ambapo kipindupindu kimewahi kuingia nchini zaidi ya mara moja, kila kijiko ni mlango wa kuhara. Asali nayo ni marufuku kabla ya mwaka 1, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vya sumu inayolegeza misuli ya mtoto.

Pombe na dawa za kulaza. Usimpe mtoto pombe hata tone, wala dawa ya mafua inayoleta usingizi. Mtoto aliyenyamazishwa kwa dawa anaweza kunyamaza hata kupumua.

Gripe water. Chupa hii tunaiona sana madukani. Ilianzishwa na mfamasia William Woodward wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani yake. Za siku hizi nyingi hazina pombe, lakini hazijathibitishwa kuponya msokoto. Ni maji matamu yenye harufu nzuri, na pesa yake ingenunua mayai ya mama.

6. NAMNA YA KUMTUNZA MTOTO

Hakuna dawa ya kukata kilio hiki mara moja. Kuna matunzo ya kukipunguza na kukivumilia.

(a) Nyonyesha vizuri. Mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana. Mdomo wa mtoto ufunguke sana, ushike sehemu nyeusi ya ziwa pamoja na chuchu, kidevu kiguse ziwa. Mwache amalize ziwa moja ndipo umpe la pili. Ukimhamisha haraka anakunywa maziwa mepesi tu, ambayo yanaweza kumletea gesi nyingi, na njaa inarudi upesi.

(b) Mpe nafasi ya kubeua. Baada ya kunyonya mweke begani, mpapase mgongo polepole kwa dakika chache. Asipobeua usimpige, mwache.

(c) Mbebe. Kitenge chetu ni dawa ambayo wenzetu wanaivumbua sasa. Huko Montreal, Kanada, watafiti Hunziker na Barr waliwaomba akina mama wawabebe watoto saa 3 zaidi kila siku, hata wakiwa hawalii. Matokeo yalitolewa mwaka 1986: watoto hao walipofika wiki 6 walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Lakini angalia vizuri: hao walibebwa mapema kama kinga. Kwa mtoto ambaye msokoto umekwisha kumshika, kubeba zaidi hakujaonekana kupunguza sana kilio. Basi mbebe tangu mwanzo, na mchana kutwa, usingoje jioni.

(d) Mtulize. Ngozi kwa ngozi kifuani, taa ndogo, sauti chini, mwendo wa polepole, wimbo uleule mmoja. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako au mapajani na kumpapasa mgongo. Hiyo ni wakati uko macho naye tu. Akisinzia, mlaze chali.

(e) Sugua tumbo. Mikono iwe na joto na mafuta kidogo, zungusha kwa kufuata mwendo wa saa. Mkunje magoti taratibu kama anayeendesha baiskeli. Usifanye mara tu baada ya kunyonya, na usibane.

(f) Jaribu jambo moja kwa wakati. Ukimgeuzageuza mara 10 kwa dakika 5 unazidi kumchosha.

7. KUMTUNZA MAMA, NA KAZI YA BABA

Hili ni nusu ya tiba. Mama asiyelala kwa wiki 6 anaanza kuona kama mtoto anamchukia. Ongeza yaliyompata njiani, ongeza ndugu alioacha, ongeza mgao uliopungua. Akisema "natamani nimtupe", usimwite mchawi. Huyo anaomba msaada. Akiwa na huzuni kwa zaidi ya wiki 2, hali, hajali mtoto, au anafikiria kujiua, afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Usimtikise mtoto kamwe! Kichwa cha mtoto ni kizito na shingo ni dhaifu. Sekunde chache za kumtikisa kwa hasira zinaweza kupasua mishipa midogo ya ubongo, akawa kipofu, kilema au maiti. Na kinachowaponza watu ni kwamba akitikiswa ananyamaza, mtu akadhani amefaulu. Ukiona hasira inapanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje, kaa dakika 10, vuta pumzi, mwite jirani, kisha rudi. Mtoto hafi kwa kulia dakika 10.

Akina baba, saa za kilio zinajulikana. Ikiwa ni saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, basi baba achukue saa 1 kati ya hizo 3. Mtie mtoto kifuani, tembea naye uani. Mama apate kula na kuoga. Hilo halipunguzi heshima ya mwanamume. Anayeondoka kwenda kilabuni kilio kinapoanza ndiye anayeipunguza.

Na majirani, badala ya kugonga ukuta, gongeni mlango. Semeni, "Mama fulani, nipe mtoto nimshike, wewe ulale kidogo."

8. DALILI ZA HATARI

Kabla hujasema "ni msokoto tu", mvue mtoto nguo zote, umwangalie mwanga ukiwepo. Tazama vidole vya mikono na miguu na uume, kwani uzi au unywele huweza kujisokota na kukata damu. Tazama kinena kama kuna uvimbe mgumu, yaani ngiri. Tazama mdomoni kama kuna utando mweupe. Tazama kama ameumwa na mdudu au pini inamchoma.

Nenda kituoni mara moja, hata usiku, ukiona moja ya haya:

- hawezi kunyonya au amekataa ziwa kabisa;
- ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au amepoa chini ya nyuzi 35.5;
- anatapika kila kitu, au anatapika majani au damu;
- amepata degedege;
- amelegea, haamki, au anajongea tu ukimgusa;
- anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani;
- utosi umevimba, au umedidimia;
- choo kina damu, au tumbo limevimba na hapati choo;
- kilio kimebadilika, ni chembamba cha kukwaruza au cha kuguna;
- haongezeki uzito.

Kumbukeni pia umri. Kilio kikali cha kuja na kwenda kinachoanza ghafla mtoto akiwa na miezi 5 hadi 9, pamoja na kutapika na choo cha damu na kamasi, huweza kuwa utumbo ulioingiana. Hilo ni la upasuaji. Siku moja ya kungoja inaweza kuwa ya mwisho. Msokoto hauanzi kwenye umri huo.

Kuhusu homa, mtoto mchanga mwenye joto lazima apimwe. Si kazi ya nyumbani kuamua kama ni malaria au ni vijidudu vya damu.

9. NENO KWA WATUMISHI

Ndugu zetu wa kituo na wa mashirika, tunashukuru kwa kazi yenu. Naomba mambo 3. Kwanza, msimwambie mama "ni kawaida, nenda" kabla hamjamvua mtoto na kumpima. Neno hilohilo likisemwa baada ya kumpima vizuri ni dawa, lakini likisemwa kabla ya hapo ni mlango uliofungwa, na mama atakwenda kwa mng'oa meno. Pili, mmpe tarehe. Mwambieni, "Ana wiki 4, kilio kitazidi mpaka wiki ya 6, kisha kitapungua, rudi tumpime tena wiki ijayo." Mtu anaweza kubeba mzigo akijua mwisho wa njia. Tatu, katika mafunzo ya wahudumu wa jamii, waiteni wakunga wa jadi na bibi zetu. Wao ndio wanaoulizwa kwanza, saa 4 usiku, wakati ninyi mmelala.

Bwana Mwenyekiti, wengi wetu tulikuja hapa bila kitu, lakini mtoto tulimbeba. Wapo walioacha godoro na masufuria njiani ili mgongo ubaki na nafasi ya mtoto. Itakuwa aibu kumvusha mtoto mbali na risasi, kisha tumpoteze kwa spoku ya baiskeli. Nawaombeni kila zoni ichague mama 2 na baba 1 wa kumtembelea kila mzazi mpya katika wiki ya 2, wamweleze kalenda ya kilio kabla kilio hakijaanza.



MASWALI BAADA YA HOTUBA

Swali (mama wa zoni): Nina miezi 2 na pacha, mmoja analia na mwingine halii, maziwa ni yaleyale. Kwa nini?

Jibu: Swali lako ni ushahidi mzuri kuliko maneno yangu. Kama maziwa yangekuwa mabaya wangelia wote. Kila mtoto huja na tabia yake. Mbadilishie ziwa kila mara na uwapime wote wawili kila mwezi.

Swali (baba): Nimesikia kuna matone ya mjini ya kutibu jambo hili.

Jibu: Yapo ya aina mbili. Ya kwanza ni simethikoni, ya kuvunja gesi. Yalipolinganishwa na dawa bandia hayakuonyesha nafuu zaidi. Ya pili yana vijidudu vyema vinavyoitwa Lactobacillus reuteri, na kwa watoto wanaonyonya yameonekana kupunguza kilio kiasi. Ni ghali, na si ya lazima. Usinunue bila kuulizia kituoni. Usikope kwa ajili yake, kwa sababu wiki zinazopita zitafanya kazi hiyo bure.

Swali (bibi): Mimi nimezaa 9 na wote walitolewa meno, wako hai. Utasema nini?

Jibu: Bibi, tunamshukuru Mungu kwa hao 9. Nami nakuomba jambo moja. Mjukuu anayekuja, kabla hajaguswa, hebu mfungue mdomo siku anayocheka, halafu mfungue siku anayolia. Ukikuta uvimbe ni uleule siku zote mbili, utajua mwenyewe kwamba si huo unaomliza.